Koti la Damu ya Mzee

Kawangware,
16 Februari 2025

Kwako Mbithi, kitinda mimba wa mama yetu,

Huko Zombe hamjambo? Natumaini goti la mama, mwaitu wetu, limetulia, na kwamba wewe umeacha kulala mpaka jua likuchome matako kama ulivyozoea Mashimoni. Sisi huku tunasukuma siku. Ndanu ameingia gredi ya nne na sasa anajiona mwalimu wa nyumba nzima, ananisahihisha hata nikisali. Makaa yanauzika kidogo kidogo, maana kwa joto hili watu wanaona heri wanunue chai kibandani kuliko kuwasha jiko. Trizah, jirani wangu wa mlango wa bluu, anakusalimia na anauliza utaoa lini.

Usicheke mwandiko. Naandika na mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta tangu mwezi jana. Niliteleza nikiteka maji. Simu nayo ilianguka ikapasuka, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Musau amekubali kuwa posta yetu: akileta makaa kutoka huko atabeba barua yako, akirudi na lori tupu atabeba yangu. Wewe pia usithubutu kuwasha simu. Vijana wa Gichuru, yule tajiri wa ploti, bado wanakutafuta kwa sababu ya ile video, na wana mtu wao wa kufuatilia namba. Kuchoma chumba chako hakukuwatosha.

Sasa nikwambie ya hapa. Geoffrey yuko rumande kwa kesi ya mauaji. Wanasema shemeji yako ndiye aliyemkatakata Wekulo, yule mkulima wa sukuma pale Silanga, jioni ile vijana walipokuja kubomoa nyumba na kung'oa mboga za watu kando ya bwawa. Na ushahidi wote walio nao ni ile video ya kidege chako cha kamera, ile droni.

Wewe ulishatoroka, hukuona. Kesho yake asubuhi Geoffrey alienda Silanga kama kawaida yake, kusimamia ploti za Gichuru. Ndugu za Wekulo walikuwa wameshaitazama video usiku kucha: mtu mrefu, koti la damu ya mzee, panga. Nani mwingine Silanga anavaa koti la damu ya mzee mwaka mzima, kuwe na joto kuwe na baridi? Walimpiga kwa mawe na nyundo mpaka taya likahama. Tairi lilikuwa limeshavishwa shingoni na petroli imemwagwa, wakabaki kuulizana nani ana kiberiti. Polisi wakafika hapo katikati.

Amepata wakili wa bure, msichana mdogo anaitwa Christine, ila mdomo anao. Anauliza kama una lolote la kusema kuhusu ile picha. Nimekuuliza kwa niaba yake. Kama huna, pia ni sawa, nitamwambia hivyo.

Dada yako,
Kathini


Zombe, Kitui
2 Machi 2025

Sis Kathini,

Niaje? Mwaitu yuko poa, goti linamuuma tu akitaka nimfanyie kazi. Ananituma kama punda wa maji. Jana ameniambia mimi ni mwembamba kwa sababu ya kutazama vioo, nikamwambia miwani yenyewe ya kuendeshea droni ilichomwa pamoja na keja, chumba chote, akasema Mungu ni mkubwa.

Pole kwa mkono. Lakini hilo bomba lenu lina utelezi gani? Si mwaka juzi uliteleza hapo hapo ukavunja jino?

Sis, tangu nisome barua yako usingizi umeniruka. Yule msee wa panga hakuwa na koti la damu ya mzee. Lilikuwa jeusi.

Najua hupendi lugha ya droni, soma pole pole. Siku hiyo nilikuwa narekodi mechi ya vijana pale karibu na bwawa. Mchana natumia kamera ya mchana. Jua likianza kushuka, ile kamera inaona giza: katikati ya nyumba za mabati kuna kivuli cheusi, juu ya mabati jua linameta, unaruka kama kipofu. Kwa hiyo nilitua, nikafunga kamera ya usiku, nikapandisha mwangaza, nikawasha ile setingi inayopatanisha jua na kivuli, nikarudi juu. Ndipo nikasikia mayowe upande wa Silanga nikapeleka droni huko.

Kamera ya usiku haina kile kioo kidogo cha kuchuja. Kuna mwanga mwekundu wa jua ambao macho yetu hayauoni, na hiyo kamera inaunywa wote. Jua la jioni likipiga nguo nyeusi ya nailoni, kwenye picha inatoka damu ya mzee. Sisi watu wa droni tumeshazoea, kichwa kinarekebisha chenyewe. Niliwapa watu wa Wekulo video vile ilivyo, nikiwa mbioni kutoroka, na haikunijia kuwaambia rangi zake ni za uongo. Ni kama kumpa mgeni pilipili ukasahau kwamba kwao hawali.

Mwambie Christine atazame sukuma za Wekulo kwenye ile video. Ni nyeupe zenye uwaridi, kama zimechemshwa. Sukuma ya rangi hiyo inauzwa soko gani?

Lakini maneno matupu jaji hatayakubali, lazima aone. Phanuel wa Mashimoni, yule rafiki yangu, ana kamera ya usiku kama yangu. Tafuteni koti jeusi la nailoni kama yale waliyopewa vijana wa Gichuru. Nendeni Silanga jioni yenye jua, mtu alivae, Phanuel aruke, Christine aone na arekodi. Na umwambie Phanuel asiguse menyu. Mwangaza juu, ile ya jua na kivuli iwake, rangi aiachie kamera ijichagulie yenyewe. Namjua, akiona rangi mbaya mikono inamwasha arekebishe. Akirekebisha, koti litarudi kuwa jeusi na Geoffrey atafungwa maisha.

Fanya haraka, sis. Mtu hajaua, na yuko ndani kwa ajili yangu.

Mbithi


Kawangware,
14 Machi 2025

Kwako Mbithi,

Salamu kwa mwaitu na kwa mbuzi wote. Barua ilifika ikiwa nyeusi tititi, Musau aliiweka kati ya magunia.

Mvua imeanza. Jua halionekani, kwa hiyo hilo jambo lako haliwezekani kwa sasa. Phanuel naye amesafiri Bungoma kwa matanga. Kesi imesogezwa mpaka Mei, hakuna haraka.

Plasta imetolewa. Nimepaka ukuta rangi, ile ya maziwa niliyokuwa nikiitaka. Ndanu anaimba tangu asubuhi mpaka majirani wanalalamika, na mimi nimenenepa, nguo za Krismasi hazinifungi. Trizah anasema nimerudi kuwa msichana. Nyumba imetulia sana, Mbithi.

Kathini


Zombe,
30 Machi 2025

Sis,

Tumeshukuru kusikia mko wazima. Huku tumepanda pojo na kunde, mgongo wangu unalia. Mwaitu anakuombea kila jioni, wewe na Geoffrey kwa jina.

Mvua si sababu. Ni kweli tukiwa na mawingu ile rangi haitokei vizuri, lakini mvua za Nairobi huwa zinakatika jioni na jua linachungulia kabla ya kuzama. Hapo ndipo hasa. Mwambie Phanuel aanze kuruka jua likiwa bado juu ya mabati, asishuke, akae hewani akitazama rangi ikigeuka. Itageuka yenyewe, pole pole, kisha ghafla. Kila mwanga unapobadilika mkono utataka kwenda kwenye menyu. Aukalie.

Halafu kuna hili. Musau ameniambia Phanuel hajatoka Kibera mwaka huu mzima. Hakuna Bungoma wala matanga. Wanasalimiana kila akishusha makaa Silanga.

Kwa nini unanidanganya? Lile si koti la mtu baki, ni la mumeo. Kama wale vijana wamekutisha, niambie.

Mbithi


Kawangware,
20 Aprili 2025, Pasaka

Kwako Mbithi,

Kristo amefufuka, na wewe ushukuru amekuweka mbali maana ungekuwa karibu ningekuchapa. Tangu lini ukamtuma dereva wa lori anichunguze? Nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi, leo unaniuliza maswali kama askari. Mambo ya nyumba yangu ni ya nyumba yangu.

Na wewe mbona husemi? Umeniandikia habari za mwangaza na vioo, hujaniandikia ulichokiona. Mtu alikufa ndani ya miwani yako, na unanieleza kuhusu sukuma.

Nitakuambia lililonipata wiki hii, kisha ninyamaze. Vijana wa Gichuru wamerudi Silanga. Lenah, mjane wa Wekulo, alikataa kuhama, akasema mume wake amezikwa kwao lakini jasho lake liko hapa. Walimchomea nyumba mchana kweupe. Alipotoka na ndoo ya maji, kijana mrefu wao alimpiga rungu la nyonga, akaanguka, akampiga tena akiwa chini, watu wakiwa wamesimama wanatazama.

Nilienda kumwona. Nilifikiri atanitemea mate, mimi mke wa muuaji. Alinishika mkono. Aliniambia yule mrefu aliyempiga ana mwendo uleule wa kwenye video, bega moja chini, na vijana wanamwita Maurice. Halafu akaniuliza, "Mama Ndanu, kama wako yuko ndani, huyu wa nje ni nani?"

Nilimwachia unga nikaondoka.

Pasaka njema. Mbuzi mumchinje msimbakizie mwenye maswali.

Kathini


Zombe,
4 Mei 2025

Sis,

Nimekula mbuzi na nimepokea matusi, vyote vilikuwa na chumvi ya kutosha.

Umeuliza niliona nini. Wekulo alikuwa na jembe tu. Alijaribu kuwazuia wasiingie kwenye mboga, akarudi kinyumenyume, akakanyaga mfereji wake mwenyewe akaanguka kwa makalio. Yule mrefu alimkata mkono kwanza, ule alioinua. Kisha shingo, lakini panga halikuwa na makali, akarudia. Wekulo aliendelea kujaribu kusimama. Ndani ya miwani unakuwa pale pale, sis, hakuna mbali. Jua lilikuwa linazama na nilishusha droni chini zaidi nipate picha nzuri, nikapandisha mwangaza kwa kidole kama niko kwenye mechi. Ningeweza kumgonga nayo usoni. Zile pangaboi za droni zinachana ngozi. Nilirekodi. Ndiyo hiyo, na tangu siku ile nikifumba macho naona sukuma nyeupe na damu nyeusi.

Sasa zamu yako. Christine amemtuma Musau aniulize kama najua Geoffrey alikuwa wapi siku ile. Geoffrey anasema alikuwa nyumbani na wewe, kuanzia alasiri mpaka usiku. Na wewe uliwaambia polisi hujui alikokuwa.

Unajua au hujui? Unataka atoke au hutaki? Lenah amepigwa na mtu ambaye angekuwa ndani saa hii. Sikulaumu, nauliza tu.

Mbithi


Kawangware,
25 Mei 2025

Mbithi,

Keti kwanza ndipo usome, na usisome mwaitu akiwa karibu.

Phanuel yuko hospitali. Mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba peke yake.

Barua yako ilinichoma. Jumanne mvua ilikatika, jua likachungulia kama ulivyosema, nikasema basi, liwalo na liwe. Tulienda Silanga mimi, Phanuel, Christine, na Lenah na magongo yake. Koti jeusi la nailoni nililivaa mwenyewe, nikasimama katikati ya mboga za marehemu. Christine alivaa miwani moja, Phanuel nyingine. Mwanzoni nilikuwa mweusi tu, na Phanuel akanung'unika kwamba mabati yanamtia kiwi, akataka kupunguza mwangaza. Nikamkemea kwamba Mbithi amesema ukalie mkono. Akaukalia. Jua likashuka mpaka likawa usawa wa macho, na Christine akanipungia mkono. Akaniambia nimpe Lenah koti nije nione mwenyewe.

Nikavaa miwani. Lenah alikuwa damu ya mzee kutoka shingo mpaka kiunoni, na sukuma zote nyeupe miguuni pake. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilijua sasa Geoffrey anarudi nyumbani.

Vijana wa Gichuru walitoka upande wa bwawa, na makoti yaleyale. Maurice alikuwa mbele. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alikanyaga droni, akaivunja miwani kwa kisigino, ya Christine na ya Phanuel. Mmoja wao alimpiga Christine kofi akaanguka kwenye mfereji. Phanuel alikuwa ameshatua droni na kuitoa ile kadi ndogo ya picha, ameifumbata kwenye ngumi. Maurice akamwambia fungua mkono. Phanuel akakataa. Maurice akaulaza mkono wa Phanuel juu ya jiwe la kufulia, akaufungua kwa panga.

Kadi wakaenda nayo. Mimi na Lenah tuliokota vidole kwenye matope tukavifunga kwenye leso yangu, tukakimbia navyo. Daktari alisema tumechelewa. Leso nimeichoma.

Kwa hiyo picha haipo tena. Christine aliona kwa macho yake, lakini anasema wakili hawezi kugeuka shahidi katika kesi anayoitetea.

Umeniuliza Geoffrey alikuwa wapi. Alikuwa hapa. Jioni ile Wekulo akikatwa Silanga, Geoffrey alikuwa ananivunja mkono kwa mguu wa stuli, kwa sababu nilimwambia chakula kimechelewa kwa ajili ya wateja. Simu aliipiga ukutani nilipotaka kumwita Trizah. Trizah alisikia mayowe, ndiye aliyenipeleka zahanati Riruta. Hakuna bomba lenye utelezi, Mbithi. Hata siku ya jino hakukuwa na utelezi.

Polisi walipokuja kuniuliza nilikuwa nimelala usiku mmoja mzima bila kusikiliza mlango, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikasema sijui. Nilidhani Mungu amenijibu, na sikumuuliza amejibu kwa njia gani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kimekwenda kumuumbua Phanuel, mtoto wa watu, ambaye hakuficha kitu.

Nikisema, anatoka. Nikinyamaza, Maurice anaendelea kutembea. Nimekaa hapa kwenye makaa yangu tangu asubuhi na sijui.

Kathini


Zombe,
1 Juni 2025

Sis,

Leo sina salamu. Mwaitu aliniuliza kwa nini nimepiga mlango ngumi, nikamwambia nyuki.

Ningejua ningemtoa roho kwa mikono yangu. Nimekula kwake. Nimemwita kaka. Siku ya jino nilikuja kwenu, alinichinjia kuku, na wewe ulikula ukitafuna upande mmoja na mimi nikacheka.

Sikiliza. Usiseme chochote. Hutasimama mbele ya watu kueleza ulivyopigwa. Nakuja mimi. Ile droni niliiendesha mimi, setingi niliweka mimi, nitamweleza jaji mpaka aelewe, na wakitaka jaribio nitaruka mbele yao. Vijana wa Gichuru wakinikata, wanikate, Phanuel hakukimbia. Geoffrey akitoka atanikuta nimekaa mlangoni kwako na panga langu.

Musau anashuka wiki ijayo, nitakuwa juu ya magunia.

Mbithi


Kawangware,
22 Juni 2025

Kwako Mbithi mkaidi wa Zombe,

Natumaini umenuna na bado uko huko huko. Nilimpata Musau kabla hajapanda kuja huko, nikamwambia akikubeba sitanunua gunia lake tena mpaka kiama, na mwaitu nimemtumia neno akukalie. Sikukuzaa lakini nilikulea, na sina haja ya kuokota vidole vyako.

Habari njema kwanza. Phanuel ameruhusiwa kutoka hospitali. Anajifunza kushika kijiko na mkono wa kushoto, nami nimemfundisha mbinu maana hiyo shule nimesoma. Analia sana, halafu anatukana sana, Trizah anasema ni dalili ya kupona. Yeye na Lenah waliandikisha taarifa, na Maurice alikamatwa Jumapili akitoka kunyoa. Gichuru bado anakunywa chai yake kwa amani, kwa hiyo usijidanganye ukawasha simu.

Sasa ya mahakamani.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikafunga kibanda nikaenda kwa Christine moja kwa moja. Nilimwambia aache kutafuta kamera. Kamera inaweza kusema lile koti halikuwa lake, lakini haiwezi kusema alikuwa wapi. Hilo linajulikana kwangu. Alinitazama, na nadhani alikuwa ameshakisia, kwa sababu hakuuliza kitu, aliniletea maji.

Ilikuwa siku ya ombi la dhamana. Geoffrey aliletwa na taya lake limepinda, amekonda, shati kubwa. Aliponiona nimeitwa kizimbani alitabasamu. Ndilo tabasamu la siku aliyokuja kuniposa, na nisiseme uongo, goti langu moja lilitaka kumkimbilia.

Nikaapa. Christine akaniuliza jioni ile mume wangu alikuwa wapi, nikasema alikuwa nyumbani. Wakili wa serikali akasimama, mzee mmoja mpole. Akasema mama, uliwaambia polisi hujui, leo unajua, kitu gani kimekufundisha? Na unajuaje saa, wakati hukuwa na saa wala simu?

Nikamwambia nilikuwa nimelala sakafuni. Ukuta wetu wa mabati wa upande wa Riruta umejaa matundu ya misumari, jua la jioni huingia hapo kama sindano. Alipoanza kunipiga yale matundu yalikuwa manjano. Aliponivunja mkono yalikuwa mekundu. Alipochoka yalikuwa meusi. Nikamwambia, mheshimiwa, Wekulo amekatwa jua likizama, wote mmeona kwenye video, na mimi jua hilohilo nililitazama likizama nikiwa chini ya mguu wa mume wangu.

Nilisema yote, Mbithi. Stuli. Simu. Jino. Mimba ile iliyoharibika kabla ya Ndanu, ambayo hata mwaitu hajui na utamwambia wewe kwa sababu mimi siwezi mara mbili. Nilikunja mkono wa gauni jaji aone ulivyounga vibaya. Trizah alikuwa benchi la nyuma, akaitwa baada yangu, akasema yake.

Na unajua Geoffrey alifanya nini muda wote huo? Alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Kila nililosema lilikuwa linamtoa kwenye kamba, kwa hiyo alilikubali. Nikisema stuli, anatikisa kichwa. Nikisema mkono wa kulia, anatikisa kichwa. Nimekaa na mtu huyu miaka yote hiyo akiniambia mbele za watu kwamba mimi ni mwongo na ninaanguka ovyo, na siku hiyo hakukana hata neno moja.

Jaji, ambaye ni mama wa makamo, akamgeukia akamwambia halazimiki kusema chochote, lakini kama anataka anaweza. Christine alimvuta shati anyamaze. Hakusikia. Alisimama na lile taya lake bovu, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda:

"Ni kweli kabisa, mheshimiwa. Sikuwa Silanga. Nilikuwa nyumbani nampiga mke wangu."

Karani aliandika. Nilisikia kalamu.

Shtaka la mauaji liliondolewa Alhamisi. Nilienda, nilitaka kuona kwa macho yangu. Walimfungua pingu, akashukuru, akashika Biblia yake, akatembea mpaka mlangoni akinitafuta kwa macho kati ya watu ili twende nyumbani. Pale mlangoni askari wawili wakamshika mabega wakamrudisha ndani, safari hii kwa ajili yangu.

Dada yako,
Kathini